Mnyapara Tunayemnunua Wenyewe

Kila Januari maduka ya vifaa vya ofisi mjini Arusha hupanga mbele, karibu na mlango, madaftari ya malengo. Jalada gumu, maandishi ya rangi ya dhahabu, utepe mwekundu wa kushikia ukurasa. Ndani, siku imekatwakatwa nusu saa nusu saa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na kando ya kila mstari kuna kisanduku cha kutia tiki jambo likikamilika. Chini kabisa ya ukurasa imeachwa mistari miwili ya kujieleza kwa nini yaliyobaki hayakufanyika. Wanunuzi ni wa kila namna: mwalimu wa sekondari, dada wa saluni, fundi simu, na kijana aliyemaliza chuo ambaye bado hajapata mtu wa kumpa kazi ya kuijaza hiyo mistari.

Daftari lenyewe ni kitu kidogo, ila limebeba jambo kubwa. Hamu ya kufanya kazi zaidi, haraka zaidi, bila kupoteza hata dakika, siku hizi inatufikia ikiwa bidhaa. Inauzwa kama daftari, kama tiketi ya semina ya hamasa kwenye ukumbi wa hoteli, kama programu ya simu inayohesabu hatua na usingizi, kama chupa ya enaji, kama fulana yenye maneno ya kujisukuma kifuani. Enzi za mashamba ya mkonge mnyapara alilipwa na mwenye shamba. Mnyapara wa leo tunamlipa sisi wenyewe tunaosimamiwa, tena tunalala naye chumba kimoja. Wasanii wa nchi za viwanda wamemkejeli kwa muda mrefu, wengine kwa akili ya ajabu. Sisi bado tunamwimbia nyimbo za sifa. Naona umefika wakati wasanii wa Arusha na Moshi wamgeukie, na nitaeleza kwa nini hapa kwetu kazi hiyo ina uzito ambao hata hao waliotutangulia hawakuwa nao.

Tuanze na Charlie Chaplin. Katika filamu yake ya mwaka 1936, Modern Times, watu wengi wanakumbuka pale anapomezwa na magurudumu ya mashine. Mimi naona kiini cha filamu kiko kwenye mashine ya kulisha. Wauzaji wanaipeleka kwa bosi wakimweleza kwamba mfanyakazi atakula huku anaendelea na kazi, muda wa chakula utafutwa, na kiwanda kitawaacha nyuma washindani wake. Chaplin anafungwa kwenye mashine. Supu inaletwa mdomoni, hindi linazungushwa mbele ya meno, na kifuta midomo kinakuja chenyewe. Kisha mitambo inaharibika: hindi linazunguka kwa kasi ya wazimu, supu inamwagika kifuani, nati za chuma zinasukumwa kinywani kama nyama. Bosi anaikataa. Sababu yake ni kwamba mashine haifai kwa matumizi. Ukatili hautajwi hata kwa neno moja.

Alichokiona Chaplin hakijapitwa. Kilichobadilika ni mnunuzi. Nenda kituo chochote cha bodaboda, Mianzini au Sanawari, usiku ukiwa umeingia. Kijana yuko juu ya pikipiki ya mtu tangu asubuhi. Ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila siku. Ikishatimia hiyo ndipo anaanza kujitafutia yake. Mkononi ana chupa ya enaji, ndiyo chakula cha jioni na ndiyo usingizi alioukopa. Sikioni ana spika ya simu, na ndani ya simu kuna mtu anayemwambia kwamba matajiri hawalali. Ile mashine ya kulisha imeingia kwenye chupa ya plastiki, na anayelipia ni yule anayelishwa. Bosi wa Chaplin angefurahi sana kusikia hivyo, maana angepata alichotaka bila kutoa senti.

Msanii aliyelisogelea jambo hili kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Tehching Hsieh. Alizaliwa Taiwan mwaka 1950, akawa baharia, na mwaka 1974 akatoroka melini na kuingia Marekani. Aliishi New York bila vibali mpaka msamaha wa mwaka 1988, na miaka ile ya mwanzo alikuwa akiosha vyombo na kusafisha migahawa. Tarehe 11 Aprili 1980 alinyoa kichwa, akavaa sare ya kiwandani, akaanza kugonga kadi kwenye saa ya mahudhurio aliyoifunga chumbani kwake. Aligonga kila saa, usiku na mchana, mpaka tarehe 11 Aprili 1981. Kila akigonga, kamera ilipiga picha moja.

Hebu lifikirie hilo taratibu. Mwaka mzima hakulala zaidi ya saa moja mfululizo pasipo kukosa zamu. Hakuweza kwenda mbali na chumba chake. Mahudhurio 8,760, na katika hayo alikosa 133, ambayo aliyaorodhesha mwenyewe kwa uaminifu wa kutisha: 94 usingizi ulimshinda, 29 alichelewa, 10 aliwahi mno. Picha zote zikiunganishwa zinakuwa filamu ya dakika kama sita hivi, ambamo mtu yuko palepale, pembeni yake mishale ya saa inazunguka kama pangaboi, na nywele zake zinaota kutoka upara hadi mabegani. Hakuna kilichozalishwa. Hakuna kampuni, hakuna mteja, hakuna mshahara. Kumebaki nidhamu tupu, imesafishwa kila kitu kilichokuwa kikiihalalisha, na ukiitazama hivyo ikiwa uchi ndipo unaona ilivyo ya ajabu.

Hsieh mwenyewe amekuwa akieleza kwamba kazi zake zinahusu kupita kwa wakati, na kwamba hakusudii kuhubiri siasa ya wafanyakazi. Namheshimu. Lakini kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa mwenyewe inasomwa na kila mtu kwa macho ya kwao, na mtu wa Arusha au Moshi akiziona zile kadi zimepangwa ukutani, kitu cha kwanza kitakachomjia ni kipande.

Vijana wa sasa huenda hawakijui. Kipande ilikuwa kadi ya kibarua katika mashamba ya kikoloni, hasa ya mkonge, na mashamba hayo yalikuwepo hata kwenye tambarare za chini ya Mlima Kilimanjaro. Kadi ilikuwa na nafasi 30, kwa siku 30 za kazi. Asubuhi ulipewa kipimo chako. Ukikimaliza, kadi ilitiwa alama. Usipokimaliza, hata kama umekata mkonge mpaka jua likakuzunguka, siku hiyo haikuhesabiwa. Mshahara ulikuja kadi ikijaa. Manamba waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali walijikuta mwezi wao hauishi mwezi ukiandama, unaisha kadi ikijaa, na kadi ilijaa pale aliyeshika kalamu alipotaka ijae.

Sasa iweke ile kadi pembeni ya daftari la malengo. Visanduku ni vilevile. Alama ni ileile. Tofauti ni kwamba kibarua wa mkonge alimjua anayemhesabia. Alimwona kwa macho, alijua jina lake na tabia zake, akigeuza mgongo alisemwa, na kazi ikiisha aliachwa shambani. Mwenye daftari hana wa kumsema. Siku isipojaa, anajichukia mwenyewe, kisha Januari inayofuata anarudi dukani kununua daftari nene zaidi. Hapo ndipo Hsieh alipoona mbali: alijifungia saa mwenyewe, akajisimamia mwenyewe, akajihukumu mwenyewe kwa makosa 133 ambayo hakuna aliyemdai. Alifanya hivyo kwa makusudi, kwa mwaka mmoja, tena akaacha. Wengine wanafanya bila kujua kama wamechagua.

Arusha ina sababu yake ya pekee ya kulifikiria jambo hili, na sababu hiyo iko kwenye historia ya siasa zetu. Azimio la Arusha, lililopitishwa hapa mwisho wa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari lina sehemu nzima kuhusu juhudi ya kazi. Linapiga hesabu ya saa kwa uwazi kabisa: mfanyakazi wa mjini saa saba na nusu au nane kwa siku, kama 45 kwa juma, mwanamke wa kijijini saa 12 au hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na mwanamume wa kijijini, linasema, yuko likizo nusu ya maisha yake. Nguvu za mamilioni zinazopotea kwenye maongezi, ngoma na pombe, kwa mujibu wa Azimio, ni hazina ya taifa.

Ukweli kuhusu wanawake ulikuwa ukweli, na Mwalimu Nyerere alikuwa na ujasiri kuusema. Ila ngoma kuwekwa kwenye kapu moja na ulevi ni jambo ambalo msanii yeyote anapaswa kulisoma mara mbili. Baadaye, mwaka 1983, ikaja Sheria ya Nguvukazi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mwana wa Monduli, na mijini watu wasio na kazi inayotambulika wakakamatwa na kupelekwa mashambani. Mwaka 2015 tukaimba Hapa Kazi Tu. Kila kizazi kimekuwa na wito wake, na karibu kila mara wito ulipotoka, mvivu aliyetafutwa alikuwa mtu wa chini.

Lakini Azimio lilikuwa na jicho la pili. Lilikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba. Yaani lilimwambia mkulima afanye kazi, hapohapo likamwambia mkubwa asiishi kwa jasho la mkulima. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa na njia ikafunguliwa. Wito wa kazi wenyewe haukuguswa. Kwa hiyo tuliorithi ni nusu ya Azimio, nusu ile inayotazama chini, na nusu hiyo ikaja ikakutana na wafanyabiashara wa hamasa wakaifungasha na kuitia bei. Mtoa mada kwenye ukumbi wa hoteli anaposema umaskini wako umetokana na kuamka kwako saa moja, anatumia lugha ambayo masikio yetu yalishazoezwa kwa vizazi, ila ameondoa kila neno lililowahusu wenye nacho.

Sanaa yetu nayo ilisaidia. Tuliosoma shule za msingi miaka ile tunaikumbuka ngonjera, ushairi wa majibizano ulioenezwa na Mathias Mnyampala na kutumika sana kueneza siasa za Ujamaa. Mpangilio ulikuwa mmoja. Anatokea mvivu, anajigamba kwamba jembe limemshinda. Anajibiwa na mchapakazi, ubeti kwa ubeti. Mwisho mvivu anakiri, anashika jembe, na watoto wote wanapiga makofi. Ilikuwa sanaa nzuri kwa sauti na mizani, na mimi bado naipenda. Ila sikumbuki hata ngonjera moja ambamo mvivu aliachiwa hoja iliyomkwamisha mwenzake. Kejeli yetu ilizoea kumchapa anayelala. Anayemwamsha alikuwa salama.

Ndiyo maana siamini kwamba tunaweza kuazima tu kazi za wenzetu na kuzitundika hapa. Msanii Mladen Stilinović wa Zagreb, katika Yugoslavia ya wakati ule, mwaka 1978 alitoa picha zake akiwa amelala kitandani, akaziita msanii akiwa kazini. Miaka kumi na tano baadaye akaandika kuusifu uvivu, akidai wasanii wa Magharibi wameshughulika mno na soko kiasi kwamba hawana tena nafasi ya kuwa wasanii. Kwa nchi ya kijamaa iliyokuwa ikimtukuza mfanyakazi, zile picha zilichoma. Mwaka 2008 msanii Pilvi Takala wa Finland aliingia kama mwanafunzi wa mafunzo kazini kwenye ofisi za Deloitte, kampuni ya ukaguzi wa hesabu, jijini Helsinki, akakaa mezani bila kufanya lolote. Alipoulizwa alisema anafikiri. Siku nyingine alishinda kwenye lifti, akipanda na kushuka kutwa. Wafanyakazi walihangaika, wakaandikiana barua pepe, wakaripoti kwa wakubwa. Wangekuwa na utulivu kabisa kama angekaa mbele ya kompyuta akiperuzi mambo yake. Kilichowatisha ni kwamba hakujifanya.

Kazi ya Takala ni ya ujasiri na ninaipenda. Ila nenda Soko la Kilombero saa saba mchana. Utamkuta msukuma mkokoteni amelala juu ya mkokoteni wake, kofia usoni, miguu inaning'inia. Amekuwa macho tangu saa tisa usiku, ameshusha viazi na ndizi kutoka kwenye malori, amesukuma magunia mpaka kwenye vibanda, na sasa soko limepoa. Anayepita kwenye gari anamwona na kusema, vijana wetu bwana, mchana kweupe. Picha ya mtu amelala, kwa Zagreb ni uasi. Hapa tayari ni ushahidi unaotumiwa dhidi ya aliyelala. Msanii wa Arusha atakayeichukua picha hiyo lazima atafute namna ya kuonyesha zile saa kumi zilizotangulia, la sivyo atakuwa amempa mnyapara kielelezo kingine.

Namna hiyo ipo, na niliiona mahali ambapo sikutegemea.

Nyuma ya safu za maduka ya vinyago, hatua chache kutoka wanapopita watalii, kuna mabanda ya wachoraji. Wanafuata mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, wa rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli, juu ya hadibodi. Tingatinga alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukasambaa nchi nzima kwa miguu ya wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake. Kwenye banda nililoingia, kijana mmoja alikuwa amezipanga mbao kumi na mbili ukutani. Alianza kupaka anga zote, njano inayoelekea wekundu, akitembea kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Akifika mwisho, wa kwanza umeanza kushika, anarudi na mlima. Kisha theluji, mipigo miwili ya brashi kwa kila ubao, hakuwahi kutia wa tatu. Kisha mti wa mgunga. Kisha tembo, mikonga yote ikitazama kushoto.

"Mwanangu, ukiamua kuchora mmoja tu, wako mwenyewe?" nilimuuliza.

"Huo mmoja atanunua nani, mzee?" alijibu bila kugeuka. "Mnunuzi wa jumla anataka zifanane. Ikitofautiana moja anasema nimekosea, anakata bei."

Huko mbele dukani, mtalii anaambiwa kila picha ni ya pekee, imechorwa kwa mkono. Kwa mkono ni kweli.

Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha Los Angeles picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, moja kwa kila ladha, zote zikifanana. Studio yake ya New York aliiita kiwanda, na alisema wazi kwamba angependa kuwa mashine. Wahakiki wameandika maelfu ya kurasa kuhusu kurudiarudia huko, kwamba ni kioo cha jamii ya kununua na kutupa. Nakubali kwamba ni kazi kubwa. Lakini Warhol alikuwa na uhuru wa kuacha siku akichoka, na kurudia kwake kulisifiwa kama wazo. Kijana wa mbao kumi na mbili anarudia kwa sababu ya kodi ya chumba, na hakuna anayeita hiyo wazo. Kama tunatafuta sanaa inayojua kwa mwili wake jinsi mtu anavyogeuzwa mashine na tamaa ya mnunuzi, haiko New York. Iko nyuma ya maduka ya vinyago Arusha, na inalipwa kwa kipande.

Halafu akanionyesha ubao mmoja aliouficha nyuma ya mlango. Anga lilelile, mlima uleule, theluji ya mipigo miwili. Mahali pa tembo alichora shetani wa Kimakonde, wa ukoo wa mashetani aliyoyafanya George Lilanga yajulikane duniani: macho yametoka, masikio kama majani ya mgomba, tumbo kubwa. Mkono mmoja umeshika kikokotoo. Ulimi umetandazwa chini kama mkeka, na juu ya ulimi zimejipanga picha ndogondogo za machweo, moja baada ya nyingine, zinaingia mdomoni. Kwenye ile ndogo kabisa, iliyo karibu na koo, ukiinama utaona kuna mtu ameshika brashi. Aliniambia hauuzi kwa sababu hauuziki, na kwamba watoto wa jirani huja kuomba waonyeshwe.

Ule ubao una vitu vyote ninavyovitafuta. Umetumia rangi ya biashara ileile na mlima uleule. Kejeli yake haimgusi mchoraji kwa uvivu wala kwa bidii. Inamgusa mwenye kikokotoo. Na unamcheka kwa sura ambayo mtu wa Mtwara hadi Moshi anaitambua bila kusomewa maelezo ukutani. Huyo kijana hahitaji kufundishwa habari za Warhol. Anahitaji mnunuzi mmoja mwenye ukuta.

Malighafi ya kejeli ya namna hii imejaa pande hizi. Kuna cheti anachopewa mtalii aliyefika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Mtu ametoka kwao akiikimbia ofisi, amekuja mapumzikoni, na mapumziko yenyewe yameishia kwenye lengo, ratiba na karatasi ya kuthibitisha ufanisi. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, aliyembebea mzigo wa hadi kilo 20, ambao ndio ukomo wa sheria ya hifadhi, akatangulia kambini kumpigia hema, anabaki kambini usiku wa kilele na hana cheti. Atarudi juma lijalo, na lijalo tena. Mchoraji atakayetengeneza vyeti vya wagumu, kimoja kwa kila safari, kwa karatasi nzuri ileile na mhuri, na kuvitundika vyote pamoja kwenye ukumbi mmoja wa Moshi, atakuwa amefanya kazi ambayo Hsieh angeitambua mara moja.

Na kuna minara ya saa. Arusha unao wake, ule unaosemwa uko katikati ya Cairo na Cape Town. Moshi nayo inao wake. Kwa miaka mingi yote miwili ilibeba matangazo ya Coca-Cola. Kila aliyetazama ni saa ngapi alitazama pia soda. Sijui msanii angeongeza nini hapo.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki: nchi maskini haina nafasi ya kukejeli kazi, waacheni vijana wajitume, maana anayejituma walau anapata kidogo. Mtoto wa mgumu anakula kwa sababu baba yake alipanda. Nalikubali hilo lote. Hata wanaohudhuria semina za hamasa siwalaumu. Wengi wanakwenda kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo mtu mzima amewaambia kwamba maisha yao yanaweza kubadilika, na hicho ni kiu ya kweli. Ninachopinga ni jibu wanalouziwa. Wanauziwa kwamba kikwazo kiko ndani ya saa zao, wakati mwanamke wa kijijini ambaye Azimio lilimkuta akifanya kazi saa 14 mwaka 1967 hakuwa na saa hata moja ya kuongeza, na bado alikuwa ndiye maskini kuliko wote. Kama tatizo lingekuwa bidii, yeye angeshaliondoa kabla hatujazaliwa. Tatizo lilikuwa bei ya mazao, ardhi isiyo na jina lake, maji yaliyoko mbali, na mahali pesa ilipokwenda ikishatoka mkononi mwake. Kejeli ninayoitaka haichezei jembe lake hata kidogo. Inamfuata aliyekuja kumuuzia daftari.

Yanayowezekana hayahitaji fedha nyingi. Hoteli za mjini zinazokodisha kumbi kwa semina hizo zina kuta ndefu zilizojaa machweo ya jumla; zinunue ubao mmoja wa shetani mwenye kikokotoo na kuutundika nje ya mlango wa ukumbi, watu wausome wakitoka kunywa chai. Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni yanaweza kuweka kipande cha kibarua wa mkonge kwenye kabati moja na daftari la malengo la mwaka huu, na pembeni yake yale masharti ya uongozi yaliyolegezwa mwaka 1991, kila kimoja na tarehe yake. Na mwalimu wa Kiswahili anayesoma hapa anaweza kuanza muhula huu bila kuomba kibali kwa mtu. Awape wanafunzi ngonjera ileile ya mvivu na mchapakazi, mizani ileile, vina vilevile, ila safari hii mvivu apewe beti sita za mwisho, na katika hizo amuulize mwenzake, mbele ya wazazi wote waliokuja kusikiliza, ile hesabu anayoikimbilia kila siku anampelekea nani.